Vietnam walitupita wapi? Jibu kwa mkulima wa korosho wa Newala

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkulima wa korosho Newala na mwanachama wa chama cha msingi. Kila msimu tunapeleka korosho ghalani, tunasubiri mnada, halafu tunasikia mnunuzi anazipeleka Vietnam zikabanguliwe. Mwanangu aliyeko chuo ananiambia Vietnam nao walikuwa na ujamaa kama wetu, tena walitoka vitani, na leo wanauza nje simu, viatu, kahawa, mchele, hadi korosho ambazo nyingine ni zetu. Wametupita wapi? Kwenye kikao chetu wengi wanasema serikali ipige marufuku kabisa kusafirisha korosho ghafi, ndipo tutakuwa kama wao. Sisi watu 32 tumeunda kikundi na tunafikiria kukopa tununue mashine za kubangua. Tukope, au tusubiri hiyo marufuku?"*

Marahaba, ndugu yangu. Umefunga maswali matatu ndani ya gunia moja: Vietnam walitupita wapi, marufuku itasaidia au la, na kikundi chenu kikope au kisikope. Nakuomba uvumilie nianzie mbali kidogo, maana la tatu halijibiki vizuri kabla la kwanza halijaeleweka.

Uchungu wako nauelewa. Unaamka alfajiri kupuliza salfa, unapalilia, unaokota, unaanika, halafu faida nono inashukia bandari ya mbali. Ila uchungu huo una tabia ya kumfanya mtu atafute mwizi, na katika habari hii mwizi si rahisi kumpata.

Mwanao amesema kweli, na kuna jambo pengine hakukuambia. Sisi na wao tuligeuza usukani mwaka mmoja. Katikati ya mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ilishusha thamani ya shilingi kutoka takribani 17 hadi 40 kwa dola, na mwezi Agosti ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Desemba mwaka huohuo, chama tawala cha Vietnam kilifanya mkutano wake mkuu wa sita mjini Hanoi kikapitisha sera wanayoiita Doi Moi, maana yake kufanya upya. Wakati ule sisi tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, na wao mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 700 kwa mwaka. Mauzo yao yote ya nje mwaka huo hayakufika dola bilioni 1. Mwaka 2024 yalipita bilioni 400.

Hapo ndipo watu wengi husema, "Basi, waliacha ujamaa." Hawakuuacha, angalau si kwa jina. Chama ni kilekile, mashirika makubwa ya umma yapo hadi leo, na mpango wa miaka mitano bado unaandikwa. Kilichobadilika ni nani anayepanga bei, nani anayeruhusiwa kuuza, na nani mwenye shamba. Mambo hayo matatu yanaonekana madogo kwenye karatasi, kwa hiyo nitayaeleza kwa mfano wa mpunga, ambao ndio mfano wao mkubwa.

Chukua mkulima wa bonde la mto Mekong mwaka 1979. Mpango unamtaka atoe tani kadhaa kwa bei iliyopangwa Hanoi. Bei hiyo hairudishi hata gharama. Badala yake anaahidiwa kuponi za kitambaa na mafuta ya taa, lakini akifika dukani rafu ni tupu. Mkulima si mjinga: analima wa kutosha chungu chake, wa ziada anauficha au anauuza gizani. Ofisa wa juu anaona mpunga umepungua, anaamini kuna hujuma, anakaza kamba. Mpunga unapungua zaidi. Sisi wa umri wangu hatuhitaji kusimuliwa habari hiyo. Mwaka 1983 tulikuwa na kampeni ya wahujumu uchumi, na kuna watu waliotupa mali zao usiku kwa kuogopa kukamatwa nazo. Bidhaa hazikuongezeka madukani kwa sababu hiyo.

Huko Vietnam, mwaka 1978 biashara binafsi za kusini zilifungwa, na jiji la Ho Chi Minh, lililokuwa likiitwa Saigon, likajikuta linakula mtama na mihogo ilhali ghala la mchele la nchi liko mwendo wa saa chache tu. Basi akatokea mama mmoja, Nguyen Thi Rao, anayejulikana zaidi kama Ba Thi, mpiganaji wa zamani wa msituni aliyekuwa kwenye idara ya chakula ya jiji. Aliunda kikundi kikaenda Mekong kununua mpunga kwa bei waliyoitaka wakulima, karibu mara tano ya bei ya serikali. Kwa sheria ya wakati ule huo ulikuwa ulanguzi mtupu. Katibu wa chama wa jiji, Vo Van Kiet, alijua na akamkingia kifua. Mpunga ukafika mjini. Jirani yao, mkoa wa Long An, nao ukathubutu kuachana na kuponi na kuuza kwa bei za soko. Wavietnam wana msemo wao kwa vitendo vya namna hiyo: kuvunja ua. Na huyo Vo Van Kiet, badala ya kufungwa, alikuja kuwa waziri mkuu mwaka 1991.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa makusudi. Doi Moi haikushuka kutoka mbinguni mwaka 1986. Ilikuwa ni serikali kukubali kwa maandishi jambo ambalo wananchi walikwisha kulijaribu kichochoroni na likafanya kazi. Mwaka 1981 wakulima waliruhusiwa kulima kwa mkataba na kubaki na ziada. Aprili 1988 lilitoka azimio lililorudisha mashamba mikononi mwa kaya, na sheria ya ardhi ya mwaka 1993 ikampa mkulima hati ya miaka 20 kwa mazao ya msimu na 50 kwa mazao ya kudumu, hati anayoweza kuirithisha au kuiweka rehani. Mwaka 1989 bei nyingi ziliachwa huru, na thamani ya sarafu yao ikasogezwa hadi karibu na ile ya mtaani.

Hilo la sarafu halizungumzwi sana vijiweni, na ndilo lililotuumiza hata sisi kimyakimya. Tuseme korosho yako inauzwa nje kwa dola 1. Benki Kuu inasema dola ni shilingi 17, kwa hiyo mamlaka ya zao inapokea 17, inakata gharama zake, inakupa kilichobaki. Lakini mtaani dola hiyo inanunuliwa kwa mara kadhaa ya hapo, na bei ya kanga au jembe unayokutana nayo wewe imefuata dola ya mtaani. Umeuza kwa dola ya serikali, umenunua kwa dola ya gulioni. Tofauti ya hizo mbili ni kodi, ingawa hakuna bunge lililoipitisha wala risiti uliyopewa.

Walipofungua hayo yote, matokeo yalikuwa ya ajabu. Mwaka 1988 mikoa ya kaskazini ya Vietnam iliona njaa na nchi ilikuwa ikiagiza mchele. Mwaka 1989 iliuza nje tani milioni 1.4 na kuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa watatu duniani. Mashamba yalikuwa yaleyale na wakulima walewale.

Sasa usije ukamwambia mwanao kwamba walifungua mlango siku moja wakalala. Kiwango cha mchele wa kusafirishwa kiliendelea kupangwa na serikali hadi mwaka 2001. Kampuni ilihitaji kibali maalumu kuuza au kuagiza kitu nje mpaka mwaka 1998, na sheria iliyorahisisha kusajili kampuni ilianza kazi Januari 2000. Muungano wa Kisovieti, uliokuwa mteja na mfadhili wao mkubwa, ulivunjika mwaka 1991, wakalazimika kutafuta wateja wanaolipa fedha ngumu na wanaokagua ubora. Bahati nayo ilikuwepo. Mafuta ya kisima cha Bach Ho baharini yalianza kutoka mwaka uleule wa 1986 na yakawapa fedha za kigeni wakati wa ukata. Halafu walikuwa jirani na Taiwan, Korea Kusini, Japani na Hong Kong, ambako mishahara ilikuwa imepanda na wenye viwanda wakitafuta pa kuhamia. Watu wao wengi walikuwa wanajua kusoma na kuandika tayari. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachonunuliwa kwa tamko la waziri.

Na soko la Marekani? Marekani iliondoa vikwazo vyake Februari 1994, na mkataba wa biashara ulioanza Desemba 2001 uliteremsha ushuru kwa bidhaa za Vietnam kutoka takribani asilimia 40 hadi asilimia chache. Leo wanauza huko zaidi ya dola bilioni 100 kwa mwaka. Lakini kumbuka kwamba nchi za Afrika, sisi tukiwemo, zilipewa mlango wa bila ushuru kupitia AGOA, mpango wa Marekani kwa bidhaa za Afrika, tangu mwaka 2000, kabla yao. Mlango wazi haumsaidii mtu asiye na cha kupitisha.

Kwa nini basi sisi tulioanza mwaka mmoja nao hatukuruka vile? Kwa upande wa korosho naweza kukujibu bila kuzunguka. Msimu wa 1973/74 tulivuna zaidi ya tani 140,000. Kufikia 1986/87 tulikuwa chini ya tani 20,000. Bei ndogo ilichangia, na vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 zao likabaki kwa mamlaka. Operesheni Vijiji nayo ilihamisha watu mbali na mikorosho yao, pori likaingia, kisha ukaja ugonjwa wa ubwiriunga. Hapa kuna tofauti ambayo wachumi wa mjini huisahau: mpunga ukiupa bei nzuri leo, miezi minne baadaye umevuna. Mkorosho uliotelekezwa miaka kumi haukusamehe kwa tangazo la redio. Unahitaji kusafishwa, kupogolewa, kupulizwa salfa, na mingine kung'olewa na kupandwa upya. Zao letu lilirudi, tena kwa kishindo, likafika takribani tani 313,000 msimu wa 2017/18. Lilichukua miaka thelathini.

Kuna habari nyingine ya miaka hiyo unayopaswa kuijua kabla hujafikiria mashine. Katika miaka ya 1970 tulijenga viwanda zaidi ya kumi vya kubangua, kwa mikopo, na mitambo kutoka Italia na Japani. Vilipokamilika, korosho zilikuwa zimekwisha kupotea mashambani. Vingine havikuwahi kufanya kazi ipasavyo, na baadaye vingine vikawa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Mpango ulikuwa na kila kitu: majengo, mitambo, wataalamu. Hakuna aliyeuliza kama mkulima ana sababu ya kuendelea kuokota.

Sasa tuje kwenye korosho za Vietnam, maana hapa ndipo kikao chenu kimepotoka. Wengi wanaamini Vietnam ilijenga viwanda kwa kufungia korosho zake ndani. Ukweli ni kwamba mashamba yao hayatoshelezi viwanda vyao hata kidogo. Tangu mwaka 2006, walipoipita India, wao ndio wauzaji wakubwa wa korosho zilizobanguliwa duniani, na sehemu kubwa ya malighafi wanaiagiza kutoka Kambodia, Afrika Magharibi na kwetu. Nguvu yao haikutokana na kuzuia kitu kisitoke. Waliruhusu kitu kiingie, bila usumbufu, mwaka mzima. Mafundi wao wa karakana walitengeneza mashine za kubangua, wakaziboresha kidogo kidogo, na sasa wanaziuza hadi huku Afrika. Ganda nalo hawalitupi, linakamuliwa mafuta ya viwandani. Ukienda eneo lililokuwa mkoa wa Binh Phuoc, biashara hii unaikuta kuanzia kiwanda kikubwa hadi uani kwa mtu.

Sikiliza hili la mwaka mzima, kwa sababu ndilo kiini cha jibu langu. Korosho za Afrika Magharibi na Kambodia zinaingia sokoni kuanzia karibu Februari hadi Juni. Zetu zinaingia Oktoba hadi Januari, wakati maghala yao yanakauka. Kiwanda cha Vietnam kinabangua za Kodivaa (Ivory Coast) miezi fulani na za Newala miezi mingine, mashine hazilali, wafanyakazi hawasambai, mkopo unazunguka. Kiwanda cha kwetu kinachotegemea korosho za Mtwara peke yake lazima kinunue ndani ya miezi mitatu malighafi ya miezi kumi na miwili, kizihifadhi, kilipe riba juu yake, na kiombe zisiote ukungu. Wanaosema mfanyakazi wetu ni mvivu wanakosea hesabu. Kinachotushinda ni ghala na riba. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba msimu wetu wa peke yetu ndio unaowaleta wanunuzi mnadani kwa pupa. Hiyo ni nguvu yenu, msiichezee.

Nisiwasifie Vietnam kupita kiasi, maana nao wana vidonda. Zaidi ya asilimia 70 ya mauzo yao ya nje inatoka kwenye kampuni za wageni. Samsung ilipofungua kiwanda cha simu Bac Ninh mwaka 2009, ilikua hadi kuna miaka kampuni hiyo moja ilibeba zaidi ya moja ya tano ya mauzo yote ya nchi, huku vipande vingi vya simu vikiagizwa kutoka nje. Dola bilioni 400 haimaanishi bilioni 400 zimebaki mifukoni mwa Wavietnam. Kahawa waliipanda kwa fujo miaka ya 1990, uzalishaji ukapanda takribani mara kumi, na bei ya dunia ilipoanguka mwaka 2001 walilia wakulima wa Dak Lak na wakalia pia wakulima wa robusta wa Kagera. Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru wa asilimia 46 kwa bidhaa zao, baadaye mwaka huo ukashushwa hadi 20, na nchi nzima ilikesha. Hata kwenye korosho, bei ya ghafi inapopanda ghafla, viwanda vidogo vya huko hufunga milango.

Je, marufuku? Mimi siiungi mkono kwa sasa, na nitakupa sababu ya mfukoni mwako. Bei ya mnada inatokana na wingi wa wanunuzi. Ukiwafukuza wanaopeleka ghafi nje, wanabaki wabanguaji wa ndani, wachache, wenye mtaji mdogo, nao watakupa bei wanayotaka kwa sababu huna pengine pa kwenda. Hapo kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho nje ya utaratibu, atafufuka kwa nguvu mpya, na magunia yatavuka Ruvuma usiku. Tena, tayari kuna marufuku nusu: korosho ghafi inayotoka nje hulipiwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa. Mnunuzi halipi hiyo kwa huruma yake, anaiondoa kwenye bei anayokupa. Ushuru huo una maana ukirudi kuwasaidia wakulima na wabanguaji. Usiporudi, umekuwa mzigo wa mkulima tu.

Wanaotetea marufuku nao wana hoja, nisiwanyime haki yao. Msumbiji ililinda viwanda vyake kwa miaka mingi. Katikati ya miaka ya 1990, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, ikalegeza haraka, viwanda vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakapoteza kazi. Wakulima nao hawakupata nyongeza kubwa ya bei waliyoahidiwa. Kwa hiyo kufungua kiholela kunaumiza, sawa na kufunga kiholela. Kodivaa wameshika njia ya kati: ushuru kwa ghafi pamoja na ruzuku kwa mbanguaji kwa kila kilo aliyobangua kweli, na sehemu inayobanguliwa nchini mwao imekuwa ikiongezeka. Hiyo naiona ina akili zaidi, kwa sababu analipwa aliyefanya kazi. Aliyejenga banda akasubiri halipwi kitu. Sisi wenyewe tulionja mwaka 2018: wanunuzi walipotoa bei ndogo, serikali ikaagiza jeshi likusanye korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, lakini uwezo wa kubangua mzigo wote ule haukuwepo, na waliosubiri malipo miezi kadhaa wanakumbuka.

Sasa kikundi chenu cha watu 32. Tupige hesabu pamoja, na namba hizi ni za mfano, weka zako. Mkitaka kubangua tani 100 kwa mwaka, na bei ya mnada ni shilingi 3,000 kwa kilo, mnahitaji shilingi milioni 300 za kununulia korosho kabla ya kuwasha mashine hata moja. Mkikopa kwa riba ya asilimia 15, na mzigo ukipungua taratibu hadi mwisho wa mwaka, riba peke yake ni zaidi ya milioni 22. Mashine, ambayo ndiyo mnayoiwaza, inaweza isiwe gharama yenu kubwa. Wengi huanguka hapo: wananunua mashine kwa mkopo, inafika, inazinduliwa na mgeni rasmi, halafu hakuna hela ya korosho.

Tani 100 za ghafi zitatoa kama tani 22 za kiini, zaidi kidogo zikiwa nzuri. Kontena la futi 20 linabeba karibu tani 16. Maana yake kazi yenu ya mwaka mzima ni kontena moja na vijisenti, na mnunuzi wa Ulaya anapenda mtu wa kumpa kontena kila mwezi, za daraja moja. Daraja nalo ni somo. W320 maana yake ni kiini kizima cheupe kinachoingia takribani 300 hadi 320 kwenye ratli moja, na W240 ni kikubwa zaidi, bei yake iko juu. Kikivunjika kinashuka daraja, kikiungua kinashuka zaidi. Mbanguaji mzuri na mbaya wanaweza kununua gunia moja kwa bei moja, mmoja akapata faida na mwingine akala hasara, kwa sababu ya vipande tu.

Kwa hiyo, kama ni mimi, nisingeanza na kontena la nje. Ningeanza na tani 5 hadi 10, za kukaanga na kufungasha kwa ajili ya hoteli, maduka na vituo vya mabasi vya Mtwara, Dar es Salaam na Zanzibar, ambako mnaweza kuuza hata vipande kwa bei ya heshima. Au ningekuwa nabangua kwa mkataba: kiwanda kikubwa kinaleta korosho zake, ninyi mnalipwa kwa kilo, riba na hatari ya bei si yenu. Faida ni ndogo, lakini mnajifunza mkono. Vikundi vitatu au vinne vya wilaya vikishaweza kutoa daraja moja linalofanana, unganeni ndipo mzungumzie kontena. Na msisahau glavu: mafuta ya ganda yanachubua mikono, na anayeumia ni mama anayekaa na ndoo siku nzima.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyamaliza kwa barua, inabidi mkutane na watu uso kwa uso. Afisa ushirika wa wilaya awaeleze msimu huu wabanguaji wadogo wanapataje mzigo ndani ya mfumo wa stakabadhi ghalani, maana utaratibu hubadilika na mkikosea mnaweza kuitwa kangomba ninyi wenyewe. Bodi ya Korosho iwape masharti ya leseni, na TBS, shirika la viwango, masharti ya kufungasha. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wawaonyeshe mashine zinazofanya kazi tayari, na muongee na anayezitumia, muuzaji awe si yeye anayejibu. TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, wawasaidie kujua ubora wa korosho zenu na namna ya kuzikausha. Benki ikidai hati za mashamba au nyumba za wanachama kama dhamana, simameni hapohapo mkamwone mwanasheria kabla ya mtu yeyote kutia dole gumba. Vilevile kama ndani ya kikundi tayari kuna minong'ono juu ya mweka hazina, malizeni hiyo kwanza.

Kabla ya hayo yote kuna kipimo kimoja cha bei rahisi. Chukueni gunia lenu la kilo 80, liwe la kawaida, msilichague. Lipelekeni kwa muuzaji wa mashine, libanguliwe mbele ya macho yenu, mpime mmepata ratli ngapi za kiini, ngapi nzima, ngapi vipande, ngapi zimeungua. Akikataa kubangua korosho zenu na kutaka kutumia zake, rudini nyumbani na gunia lenu. Akikubali, niandikieni hizo namba nne pamoja na bei ya mnada wa wiki hiyo, nitawapigia hesabu ya mkopo.